Kabla mtoto wa mbwa hajaingia getini: maandalizi na malezi ya miezi ya kwanza, kwa sisi wa Mwanza

Mbwa wangu wa kwanza nilimnunua barabarani. Alikuwa ndani ya boksi la maji ya kunywa pamoja na wenzake watatu, na aliyekuwa akiwauza aliniambia wana miezi miwili na wameshachanjwa. Sikuuliza kadi. Siku ya sita alianza kutapika, usiku akaharisha damu yenye harufu ambayo mpaka leo nikiisikia naijua, na kesho yake saa nne asubuhi alikata roho mikononi mwangu nikiwa nasubiri bodaboda ya kunipeleka kwa daktari wa mifugo. Nilimpeleka hivyo hivyo. Daktari alimfunua mdomo, akatazama meno, akaniambia huyu hajafika hata wiki sita, na kilichomuua ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa.

Chui, mbwa niliye naye sasa, nilimpata zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Katikati hapo niliuliza, nikasoma, nikawasumbua madaktari wa mifugo. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyakosa siku ile. Naishi upande wa Ilemela, mlimani kwenye mawe, kwa hiyo mifano yangu ni ya huku kwetu. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla mbwa hajafika, na inayobaki hufanyika katika wiki chache za kwanza. Ukizipoteza hizo, utahangaika miaka.

Hatua ya kwanza: zungumza na watu

Kama umepanga, anza na mwenye nyumba, kisha wapangaji wenzako. Uani wa pamoja una ndoo za watu, kuku wa watu na watoto wa watu. Kwa majirani zetu Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba kinahitaji kuoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Usingoje mpaka mbwa alambe sufuria ya mtu ndipo muanze kuelewana. Nenda mapema, sema mbwa anakuja, sema atakaa wapi, na muulize mwenzako angependa iweje. Mimi mama jirani aliniomba jambo moja tu, mbwa asipite karibu na kamba yake ya nguo. Tuliweka uzio wa matete siku hiyo hiyo.

Ndani ya nyumba kubalianeni nani atamlisha asubuhi, nani atamtoa usiku, na nani atabaki naye mkisafiri. Watoto huahidi yote. Lakini wiki ya tatu kazi itakuwa yako.

Hatua ya pili: piga magoti uani

Namaanisha magoti kweli. Shuka mpaka macho yako yawe urefu wa kichwa cha mtoto wa mbwa, uzunguke uani taratibu. Utaona uwazi chini ya geti ambao kwa kusimama huuoni, kipande cha waya uliosahauliwa na fundi, betri ya redio, mfuniko wa shimo la choo uliopasuka pembeni. Sisi tunaokaa mlimani tuna jambo letu la ziada, nyufa kati ya mawe. Mijusi ile yenye kichwa chekundu huingia humo, mbwa naye humfuata. Ziba kwa mawe madogo na udongo nyufa zote zinazoweza kupitisha kichwa chake, maana kichwa kikipita mwili utafuata, na kurudi nyuma hajui.

Kitu cha hatari kuliko vyote ni sumu ya panya. Wengi tunaichanganya na dagaa au unga na kuiweka nyuma ya kabati, halafu tunasahau. Itafute yote uitoe kabla hajaja. Panya aliyekufa kwa sumu naye ni hatari akiliwa. Dawa za kuogeshea mifugo, mafuta ya taa na dawa za mbu ziwekwe juu.

Kibanda kisiwe kikubwa, kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha atakapokuwa mkubwa. Kiinue kwa matofali manne ili maji ya masika yapite chini. Bati tupu huwaka jua la saa nane, kwa hiyo weka mbao au nyasi chini ya bati, na ukitafutie kivuli cha mwembe au ukuta. Mlango usielekee upande mvua inakotokea. Ndani tandika kanga kuukuu unayoweza kufua na kuanika juani kila wiki, maana jua kali ndilo adui wa viroboto. Hivyo vingine ni vichache: bakuli mbili nzito zisizopinduka, mkanda mwepesi wa shingoni, kamba laini ya mita nne, boksi imara la kulalia.

Kama mbwa alikufa kwa parvo uani kwako, soma hili mara mbili. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, hata mwaka. Sakafu ya saruji unaweza kuisafisha kwa sabuni kwanza, kisha dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, sehemu moja kwa sehemu thelathini za maji, uiache dakika kumi. Udongo hausafishiki hivyo. Ndiyo maana mimi nilisubiri zaidi ya mwaka, na Chui hakuukanyaga udongo wa uani mpaka chanjo zake zilipokamilika.

Hatua ya tatu: kumchagua

Asiwe chini ya wiki nane. Wiki ya tano mpaka ya nane, mama yake na ndugu zake wanamfundisha jambo ambalo wewe huwezi kumfundisha vizuri, yaani kupima nguvu ya meno. Akimng'ata ndugu yake sana, ndugu hulia na mchezo huisha. Aliyetolewa mapema huja kwako hajui kipimo hicho.

Omba kumwona mama. Mama mwoga anayejificha au anayetaka kukurarua, watoto wake wana mengi kutoka kwake. Kisha mshike mtoto mwenyewe. Vuta mdomo wa juu taratibu utazame ufizi. Ukiwa wa waridi ni vizuri, ukiwa mweupe kama karatasi ana viroboto wengi au minyoo inayonyonya damu. Tumbo lililovimba kama mpira huku mbavu zinaonekana ni minyoo. Tazama chini ya mkia kama pamekauka na ni pasafi. Nusa masikio. Kisha mweke chini, rudi hatua tatu, chuchumaa na upige kofi laini. Anayekuja mkia ukicheza, hata kama kwanza alisita, ndiye ninayemtaka.

Watu huniuliza aina. Kwa maoni yangu mbwa wa kienyeji aliyelelewa vizuri anatosha kabisa kwa nyumba za huku. Joto analiweza na kutunza manyoya yake si kazi kubwa. Lakini mtu asikudanganye kwamba mbwa wa kienyeji haugui parvo. Wa kwangu wa kwanza alikuwa wa kienyeji.

Kadi ya chanjo itazame kwa makini. Chanjo ya kweli huja kwenye kichupa chenye stika, na daktari huibandua na kuibandika kwenye kadi, pamoja na tarehe na sahihi yake. Kadi yenye maandishi ya kalamu tu, bila stika, ihesabu kama hakuna chanjo na uanze upya kwa ushauri wa daktari. Na mtu akija kukuchanjia mbwa huku kichupa amekitoa mfukoni mwa suruali, mkatalie kwa heshima. Chanjo hukaa kwenye baridi tangu kiwandani mpaka kwenye sindano. Ikishapata joto la Mwanza mchana kutwa, unaweza kuwa umemdunga mbwa maji.

Hatua ya nne: safari na usiku wa kwanza

Siku mbili kabla, peleka kitambaa kwa mwenye mbwa, akilaze na mama yao. Kitambaa hicho ndicho kitakachokusaidia usiku. Asile kwa muda wa saa mbili au tatu kabla ya safari. Msafirishe kwenye boksi lenye matundu, juu ya mapaja yako. Usimtie kwenye kiroba wala kwenye buti ya gari. Chui nilimtoa Sengerema kabla Daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwaka 2025, na tulikaa kwenye foleni ya kivuko juani mpaka ulimi wake ukawa nje wote. Sasa kuvuka ni dakika chache, lakini chupa ya maji bado ibebe.

Mfikishe mchana, mapema, apate saa kadhaa za mwanga kuzunguka. Usiite mtaa mzima kuja kumwona siku hiyo.

Usiku atalia. Huyu tangu azaliwe hajawahi kulala bila joto la mwili mwingine pembeni. Desturi yetu ni kumfungia nje, "atazoea". Anachozoea ni kwamba akiita hakuna anayekuja, na hofu ile hubaki. Mimi niliweka boksi kando ya kitanda, ndani yake kitambaa cha mama yake, na chupa ya maji ya uvuguvugu niliyoifunga kanga mara mbili. Saa saba akaanza kunung'unika. Nilishusha mkono ndani ya boksi, sikusema neno, akaweka kidevu chake juu ya kidole changu gumba, akavuta pumzi ndefu moja, akalala. Mkono ulikufa ganzi, lakini alilala mpaka saa kumi. Fanya hivyo siku tano, sita, kisha kila usiku sogeza boksi hatua moja kuelekea mlangoni. Baada ya wiki tatu nne anaweza kuanza kulala kibandani, hali ya hewa ikiruhusu na chanjo zake zikimruhusu kukaa uani.

Hatua ya tano: haja

Chagua sehemu moja uani, na kama huamini udongo wa uani, iwe juu ya saruji. Mbebe mpaka hapo kila anapoamka, kila anapomaliza kula, kila anapomaliza kucheza, na kabla ya kulala. Simama kimya. Akianza, sema neno moja, "kojoa", kwa sauti ya chini. Akimaliza msifu hapo hapo, kabla hajapiga hatua. Wa miezi miwili anaweza kujizuia kama saa tatu hivi, si zaidi, kwa hiyo usiku amka mara moja umtoe.

Akikosea ndani, hujamwona, basi ni kufuta tu. Kumsugua pua kwenye kinyesi kunamfundisha kukuficha, na kesho atajisaidia nyuma ya kochi. Osha kwa sabuni, malizia na siki, ili harufu isimwite tena.

Hatua ya sita: chakula

Huku kwetu tuna bahati ya ziwa. Dagaa mkavu ana protini na ana kalsiamu, kwa kuwa analiwa mzima na mifupa yake, na hicho ndicho mtoto wa mbwa anachohitaji kukuza mifupa. Tatizo ni mchanga, kwani dagaa wengi huanikwa chini. Wamwage kwenye beseni la maji, wakoroge, wainue kwa mikono bila kumimina, mchanga ubaki chini. Rudia mpaka beseni lisibaki na mchanga, mimi hufika mara tatu. Chemsha, kisha changanya na ugali laini wa moto. Nusu ya bakuli iwe samaki au nyama, kwa sababu ugali mtupu wenye mchuzi unajaza tumbo lakini haumjengi. Usiweke chumvi. Vitunguu usiweke kabisa, vinaharibu damu yake, hata vikiwa vimepikwa. Nunua akiba mwezi unapokuwa mdogo. Mwezi ukiwa mpevu karabai, zile taa za kuvutia dagaa usiku, hazisaidii, wavuvi hupumzika na bei hupanda.

Mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishaondolewa, ni nafuu na yana mafuta mazuri, lakini mfupa wa sangara ni mnene na ncha zake ni kali. Chemsha mpaka nyama iachie, chambua kwa vidole, umpe nyama na supu, mifupa itupe mbali. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo usimpe. Hupasuka kama vigae.

Pumba na unga ulioota ukungu, ule ambao "hatuwezi kula sisi, tupikie mbwa", ni sumu. Sumukuvu huharibu ini, na mbwa ni dhaifu kwake kuliko wanyama wengi. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Wiki ya kwanza mpe alichokuwa akila kule alikotoka, kisha badilisha kidogo kidogo. Milo minne kwa siku mpaka miezi minne, mitatu mpaka sita, kisha miwili.

Hatua ya saba: chanjo, minyoo na kupe

Chanjo ya parvo na distempa, ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa, huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki kumi na sita. Moja haitoshi. Kinga aliyopewa na mama kwenye maziwa inaweza kuizima chanjo ya mwanzo, na hujui itaisha lini, ndiyo maana inarudiwa. Minyoo: kila wiki mbili mpaka miezi mitatu, kisha kila mwezi mpaka sita. Minyoo ya mbwa huingia kwa watoto wetu pia, kwa hiyo zoa kinyesi kila siku na watoto wanawe mikono.

Kichaa cha mbwa anachanjwa akifika miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Ulizia ofisi ya mifugo ya halmashauri, kwani huwa kuna siku za kuchanja kwa wingi, hasa kuzunguka Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ugonjwa huu dalili zikishatokea kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Mtu yeyote aking'atwa na mbwa, hata mdogo, hata wa nyumbani, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya sindano.

Kupe watoe kwa kibano, karibu na ngozi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake kwa kukisia. Kipimo cha ng'ombe kinaweza kumuua mtoto wa mbwa.

Hatua ya nane: mafunzo

Hapa ndipo tunapokosea wengi, maana wengi tunataka mlinzi. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alimtazama Chui siku moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, huyu mbwa mpole mno. Mlishe pilipili, mfunge mnyororo mchana kutwa asione mtu. Usiku umwachie, utaona."

Nilimshukuru, kwa kuwa alinitakia mema. Lakini pilipili huunguza tumbo tu, na mbwa asiyeona mtu hajui kutofautisha mwizi na mtoto aliyefuata mpira. Mtaani kwetu mbwa wa mnyororo alikata mnyororo, na aliyemng'ata ni mtoto wa darasa la pili anayepita hapo kila siku. Mlinzi mzuri anawajua watu vizuri, kwa hiyo mgeni akifanya jambo lisilo la kawaida anaona haraka. Kubweka hafundishwi. Kuanzia miezi sita saba ataanza mwenyewe.

Kwa hiyo mpaka wiki ya kumi na nne hivi, mwonyeshe dunia. Chanjo hazijakamilika, basi mbebe mikononi, asikanyage chini wala kunusana na mbwa wengine. Simama naye dakika kumi kituo cha bodaboda. Asikie adhana, kengele ya kanisa, fundi wa kuchomelea, mvua juu ya bati. Aone mama aliyebeba ndoo kichwani, mzee mwenye mkongojo, wanafunzi wenye sare wakikimbia. Akiogopa, rudi nyuma hatua kadhaa mpaka mwili ulegee, mpe kipande cha dagaa, tulia.

Maneno yawe machache na yawe ya nyumba nzima. Bibi akisema "toka", baba "ondoka", mtoto "shii", mbwa hajafundishwa neno. Sisi tuliandika manne kwenye karatasi tukabandika jikoni: njoo, kaa, acha, lala. Kama mnapenda Kisukuma au Kiingereza, ni sawa, ilimradi wote mseme moja.

"Njoo" ndilo la kwanza, kwa sababu ndilo litakalookoa maisha yake barabarani. Mfunge kamba ya mita nne, mwache anuse. Chuchumaa, ita jina lake na "njoo" mara moja tu, kwa sauti ya furaha. Akisita, rudi nyuma hatua mbili ukiwa bado umechuchumaa, atakufuata. Akifika, mpe dagaa, mguse shingoni, kisha mwachie arudi kucheza. Hilo la kumwachia ni muhimu, vinginevyo atajifunza kwamba kuja ni mwisho wa raha. Dakika tatu, mara nne kwa siku. Na usimwite kamwe ili umchape. Ukimwita mara moja na kumchapa, umebomoa wiki nzima.

"Kaa": inua kipande cha dagaa juu ya pua yake ukikisogeza kuelekea nyuma ya kichwa. Kichwa kikipanda, makalio hushuka. Hapo hapo sema neno na umpe.

Kung'ata ni kwa umri. Meno ya utotoni 28 ni kama sindano, huanza kung'oka karibu na mwezi wa nne. Akikung'ata, sema "ai!", geuza mgongo, mchezo uishe nusu dakika. Kisha mpe kamba iliyofungwa fundo aitafune. Wakataze watoto kabisa mchezo wa "shika! shika!". Kwenu ni mchezo, kwake ni somo.

Kuku waanze kumwona akiwa mdogo na akiwa na kamba. Kila akimtazama kuku kisha akakutazama wewe, mlipe.

Ziwani

Usimpeleke mpaka chanjo zimekamilika na "njoo" limeshika. Chagua ufuo ulio wazi, wenye watu, mchana. Penye matete na magugumaji panaweza kuwa na mamba, na mbwa anayekunywa maji ukingoni ni windo lake. Maji yakiwa ya kijani kizito kama rangi iliyomwagwa, rudi nyumbani, ule huenda ni mwani wenye sumu na mbwa hufa kwa kuunywa. Mnyweshe maji uliyobeba kabla hamjafika, asiwe na kiu. Kamba isitoke mkononi penye mitumbwi, kwani kwenye mchanga huachwa nyavu zilizochakaa na ndoano zenye mabaki ya chambo.

Mkirudi, mwogeshe maji safi, mkaushe masikio kwa kitambaa. Kisha mlaze kifudifudi mapajani, ufungue vidole vya kila mguu kimoja kimoja, utazame katikati yake kama kuna ndoano, mwiba au funza.